Umri na Masomo: Nani Humfundisha Mtu Mzima Kusema?

Jioni, pale Kalemie, nchini Kongo, ambapo mto Lukuga unalitoka Ziwa Tanganyika na kushika njia ya magharibi, ndagala (dagaa) waliobaki hukusanywa mchangani kabla umande haujaanguka. Akina mama huwakung'uta mchanga na kuwatia kwenye mabeseni, na huku mikono inafanya kazi, midomo nayo haipumziki. Kiswahili kinabeba mazungumzo, Kifaransa kinachungulia, Kitabwa na Kiluba vinaingia pale siri inapohitaji pazia. Kaa hapo saa moja tu, utasikia lawama mbili. Ya kwanza: huyu hakusoma, hana maneno. Ya pili: huyu amezeeka, maneno yamemtoka.

Nimezisikia lawama hizo hadi zimenichosha, maana ndizo zinazoamua mambo mazito: nani asikilizwe kwenye kikao cha mtaa, nani aaminiwe na daktari, nani apewe nafasi ya kusimulia habari za mji wake. Kwa hiyo nimezifikisha kwenye mjadala. Wasemaji nimewaita kwa kazi zao badala ya majina, kwa kuwa kila mmoja nimemtunga kutokana na vinywa vingi. Yupo Mwalimu wa shule ya msingi. Yupo Mama wa Samaki, aliyefika miaka sitini bila kuingia darasani. Yupo Mzee wa Reli, mstaafu wa miaka themanini. Na yupo Mwanafunzi, binti anayesomea saikolojia chuo kikuu. Hoja iliyo mezani ni hii: masomo ndiyo yanayompa mtu mzima usemi, na umri kazi yake ni kuupunguza.

Hoja na upinzani wake

MWALIMU: Nashukuru kupewa nafasi ya kwanza. Nimeshika chaki zaidi ya miaka ishirini, na naanza na jambo ambalo kila mtu hapa amelishuhudia. Mchukue mtu mzima asiyesoma, mpeleke ofisini, mwulize: "Ilikuwaje?" Atakuambia: "Yule alikuja, akamwambia yule, basi nao wakaenda kule." Nani alikuja? Kule wapi? Yeye anawaona wote kichwani mwake, wewe humwoni hata mmoja. Sasa mwulize mwenye diploma ya Serikali. Ataanza na siku, mahali na watu, ndipo aingie kwenye tukio. Hiyo ndiyo kazi ya masomo, na ndiyo maana tulifurahi elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, ingawa madarasa yalijaa watoto hadi mlangoni. Kuhusu umri, nasema kwa heshima, Mzee akiwa hapa: usemi ni shamba. Masomo hulilima, uzee huleta nyasi.

MAMA WA SAMAKI: Miye sikuenda ku masomo. Baba alituma bandugu yangu banaume, miye nikabakia na batoto ku mugongo. Lakini hapa ku maji hakuna mutu anaweza kunishinda kwa maneno. Juu ya nini munasema sina maneno? Maneno ninayo. Ni nyiye hamuyajue.

Hapo nimeyaacha maneno ya Mama kama yanavyosemwa Kalemie. Kuanzia sasa nitayaandika kwa Kiswahili kinachosomeka Kigoma na Mombasa pia, lakini msomaji asidhani Mama amesahihishwa. Kilichobadilika ni viambishi na vijineno vichache tu.

MAMA WA SAMAKI: Mwalimu, mtu akisema "yule" na "kule", ni kwa sababu amezoea kuzungumza na mtu aliyekuwapo. Hapa sokoni nikisema "yule", kila mtu anamjua. Kwa nini nipoteze pumzi kumtaja kwa jina lake na la baba yake? Sasa umlete mwenye diploma hapa alfajiri, mitumbwi inapoingia na taa zake. Mwambie anunue. Atauliza: "Samaki huyu ni bei gani?" Samaki yupi? Kuna ndagala wa jana na wa leo, kuna sangala, kuna kuhe, kuna ngege. Kuna mikebuka, ambao mnunuzi wa Kigoma anawaita migebuka na wa Bujumbura anawaita mukeke, nami lazima nijue nani anawaitaje kabla sijataja bei. Nimweleze aliyelowa na aliyekauka, aliyekaushwa juani na aliyepitishwa motoni. Huyo msomi wako atabaki anaonyesha kwa kidole, na maneno yake yatakuwa ni hayohayo: "yule", "kule". Kumbe tunafanana. Kila mtu ni bubu mahali asipopazoea.

MWANAFUNZI: Mama, ulilosema limepimwa. Kusini mwa Ureno, zamani, ilikuwapo desturi kama ile ya baba yako: binti mkubwa alibaki nyumbani kulea, wadogo wakaenda shule. Wakaishi maisha yaleyale, tofauti yao ikiwa darasa tu. Alexandre Castro-Caldas na wenzake waliwapima wanawake wa aina hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Maneno halisi, waliosoma na wasiosoma waliyarudia vizuri. Yakaja maneno ya kubuni, yasiyo na maana yoyote, na hapo wasiosoma wakakwama, na hata picha za ubongo zikaonyesha kazi inafanyika kwa namna tofauti.

MAMA WA SAMAKI: Neno lisilo na maana nilirudie la nini?

MWANAFUNZI: Darasani hurudiwa kila siku, Mama. Mtoto anafundishwa kushika sauti hata kabla hajapata maana. Wewe sikio lako linakimbilia maana kwanza. Na kuna kipimo kingine cha hukohuko Ureno. Watu waliambiwa wataje wanyama wengi kadiri wawezavyo kwa muda mfupi, waliosoma wakashinda. Wakaambiwa wataje vyakula vinavyonunuliwa dukani. Tofauti ikatoweka! Waliposogezewa swali karibu na maisha yao, maneno yalikuwapo tele.

MWALIMU: Niruhusuni nijaribu hapahapa. Mama, katika neno "samaki", ukiondoa ile sauti ya mwanzo kabisa, ile "sss", kinabaki nini?

MAMA WA SAMAKI: Ukimwondolea samaki kitu cha mwanzo, ni magamba. Inabaki nyama.

MWALIMU: Mmesikia. Nimeuliza neno, nimejibiwa samaki.

MWANAFUNZI: Swali kama hilo José Morais na wenzake waliwauliza watu wazima wa Ureno mwaka 1979. Wasiojua kusoma wengi walishindwa. Lakini wenzao waliojifunza kusoma ukubwani, wakiwa na ndevu zao na watoto wao, waliweza. Kwa hiyo hapo umri haukufunga mlango. Tena Mwalimu umeanza na kipande kidogo mno. Ngoja mimi niulize. Mama, katika "samaki", ondoa "sa".

MAMA WA SAMAKI: Maki.

MWANAFUNZI: Na katika "sangala", ondoa "sa"?

MAMA WA SAMAKI: Ngala. Kwani hilo nalo ni swali?

MWANAFUNZI: Ni swali, na umelijibu bila darasa. Silabi tunazo masikioni tangu utotoni. Watoto wa pwani ya Bahari ya Hindi huzigeuza kwa mchezo wa kinyume, ambao ndani yake "samaki" aweza kuwa "kisama", na hawahitaji daftari kwa hilo.

Mzee na Kiswahili cha darasa lake

MZEE WA RELI: Nilikuwa nangoja zamu yangu. Mimi nilizaliwa mji huu ukiitwa Albertville. Jina la Kalemie lilikuja mwaka 1966. Watu wakinisikia husema: mzee huyu ana Kiswahili kilichonyooka, ndio uzee huo, ndio hekima. Nawaambia si uzee. Nilisema hivihivi nikiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Nilifundishwa kusoma kwa Kiswahili, na mapadri, kabla ya uhuru. Msisahau ukanda huu: Mapadri Weupe walichukua kituo cha Mpala, kusini mwetu hapa ufukoni, mwaka 1885, na katika seminari yao ndipo alipoanzia Stefano Kaoze, Mtabwa aliyepata upadri mwaka 1917, wa kwanza miongoni mwa Wakongo wa zama zile. Kiswahili chao kilitoka upande wa Zanzibar, kikapigwa pasi katika vitabu vya sala, ndicho nilichokirithi.

Baada ya uhuru mambo yakageuka. Programu ya mwaka 1962 ikakipa Kifaransa darasa lote tangu mwaka wa kwanza. Mwaka 1974 ikaamuliwa lugha za kitaifa zirudi katika miaka ya mwanzo. Sasa pangeni watu wa mji huu kwa umri: wa rika langu wanasema kama darasa lao, wa rika la Mwalimu, walioanza na Kifaransa, kama darasa lao. Mwalimu, nisamehe, mwanangu, lakini sikiliza mazungumzo yako mwenyewe ukiwa na wenzako: "paske" hapa, "donk" pale, "alore" katikati. Si kosa lako. Shule iliyokulea ndivyo ilivyokuwa. Kijana akitusikia sote wawili atadhani tofauti yetu ni miaka. Kumbe ni ubao uliokuwa mbele yetu tulipokuwa na miaka saba.

MWALIMU: Hapo nakubali, Mzee, na sikuwa nimelifikiria. Basi na wewe unakiri kwamba ni masomo.

MZEE WA RELI: Nakiri masomo yalinipa Kiswahili cha aina ile. Lakini masimulizi yangu yametoka relini. Reli ilifika ziwani hapa mwaka 1915, na mimi nikaikuta imeshakuwa mzee kuliko mimi. Treni ilitoka stesheni yetu na samaki wake, ikafuata bonde la Lukuga, ikapita makorongo, ikasimama… ikasimama pale… nanii… pale kabla ya kufika Nyunzu…

Kukawa kimya. Mwalimu akainamisha macho, kama mtu anayeona jambo la kuonewa huruma.

MZEE WA RELI: Jina limekataa. Nilisimama pale mara zisizohesabika, naona hata mti wa kivuli chake. Endeleeni, litakuja.

Nanii

MWANAFUNZI: Mzee, usione haya. Kiswahili kina neno lake kwa hali hiyo, nalo umelitumia: nanii. Watu wa kila umri hulisema, ila wazee hulisema mara nyingi zaidi. Deborah Burke, Donald MacKay na wenzao waliichunguza hali hiyo katika utafiti uliotoka mwaka 1991. Linalogoma zaidi uzeeni ni jina la pekee, la mtu au la mahali. Neno "mvuvi" limefungwa kwa kamba nyingi: wavu, mtumbwi, ziwa, harufu, usiku. Ukikosa kamba moja, unavuta nyingine. Jina la mtu limefungwa kwa kamba moja tu, nayo ikilegea, unamwona mtu mzima mzima kichwani mwako, jina huna. Kinachopotea ni njia ya kulifikia neno. Neno lenyewe lipo, na ndiyo maana hujitokeza baadaye, unapokuwa umeshalisahau swali.

MWALIMU: Hata hivyo ni upungufu.

MWANAFUNZI: Ni upungufu, na sitauficha. Masikio nayo huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za "s" na "f", na mtu asiyesikia vizuri huonekana haelewi. Sentensi hufupika pia. Susan Kemper, aliyechunguza usemi wa wazee kwa miaka mingi, aliona kwamba sentensi zilizobeba sentensi nyingine ndani yake hupungua kadiri umri unavyopanda, kwa kuwa ni kazi kubwa kushika mwanzo wake mpaka ufike mwisho. Lakini msamiati haupungui hivyo. Mtu huendelea kuokota maneno miaka mingi ya utu uzima. Na masimulizi ya wazee, pamoja na ufupi wa sentensi zake, wasikilizaji waliyapenda. Mzee anajua aanzie wapi, akazie wapi, amalizie wapi. Kuishi kwingi ni kuona mengi, wahenga walisema, nami naongeza: ni kusimulia mara nyingi.

MWALIMU: Nina ushahidi wangu nami. Huko Marekani, David Snowdon aliwafuatilia masista 678 wa shirika la Notre Dame. Baadhi ya masista hao waliandika habari za maisha yao wakiwa wasichana wa miaka ishirini na kitu. Miaka sitini baadaye, walioandika sentensi zilizojaa mawazo ndio walioonekana kusalimika zaidi na ugonjwa wa kusahau. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Usemi wa ujanani ulitabiri uzee wao! Hiyo si kazi ya masomo?

MAMA WA SAMAKI: Mwalimu, nauliza swali la mtu asiyesoma. Masista hao wote walisoma?

MWALIMU: Karibu wote. Wengi walikuwa walimu.

MAMA WA SAMAKI: Basi kama wote walisoma, na bado wengine wakasalimika na wengine hawakusalimika, masomo yamewatenganishaje?

Mwalimu hakujibu mara moja. Nami nakiri kwamba hapo ndipo nilipoona wazi kosa letu sote: tunachukua kipimo kilichofanywa kwa waliosoma, tunawahukumu nacho wasiosoma.

MWANAFUNZI: Mama ameligusa jambo ambalo hospitalini ni la hatari. Kuna kipimo cha akili kinachojulikana dunia nzima, kilichotungwa na Marshal Folstein na wenzake mwaka 1975. Kina alama 30. Mgonjwa anaulizwa tarehe, anaambiwa atoe saba katika mia, na saba tena, na saba tena, au alitaje neno herufi kwa herufi kutoka mwisho kwenda mwanzo. Anaambiwa aandike sentensi. Mama asiyewahi kushika kalamu anapoteza alama kabla hajaugua chochote.

MAMA WA SAMAKI: Saba katika mia mnaniuliza mimi? Nikiwa na mikebuka mia nikauza saba, wamebaki tisini na watatu. Nikauza saba wengine, themanini na sita. Hiyo nitakujibu usingizini. Lakini herufi za neno kutoka nyuma, hilo litanishinda, na mtu atasema nimeanza kupotewa.

MWANAFUNZI: Na ukiulizwa ulizaliwa lini?

MAMA WA SAMAKI: Nitakuambia nilikuwa mtoto wa mgongoni waasi walipouingia mji, mama yangu akakimbia nami.

MZEE WA RELI: Huo ni mwaka 1964. Waliuchukua Albertville mwezi wa sita.

MAMA WA SAMAKI: Na tetemeko lilipotikisa nyumba zetu nilikuwa nimeshapata mjukuu wa kwanza.

MZEE WA RELI: Desemba 5, 2005.

MWANAFUNZI: Sikilizeni kilichotokea. Mama hana tarehe, lakini hana kosa. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi Ibadan, Nigeria, miongoni mwa wazee wengi wasiosoma, walitumia kipimo kingine, ambacho pia humkalisha ndugu wa mgonjwa na kumwuliza: anafanyaje kazi zake za kila siku? Amebadilika? Hilo ndilo swali la haki.

Kusema na asiyekuwapo

MWALIMU: Mmenirudisha nyuma hatua mbili, lakini hoja yangu ya kwanza bado imesimama: kueleza jambo kwa mpangilio, mgeni akaelewa, hilo darasa ndilo linalolifundisha.

MWANAFUNZI: Imesimama kwa mguu mmoja, Mwalimu. Sylvia Scribner na Michael Cole walichapisha kitabu mwaka 1981 juu ya Wavai wa Liberia. Wavai wana hati yao wenyewe, ya silabi, wanayofundishana nyumbani bila shule. Wengine wamesoma Kurani, wengine shule ya Kiingereza, wengine hawajui kusoma kabisa. Waliosoma shule walizidi katika kutoa sababu za majibu yao, hapo umepata. Lakini ilipokuja kazi ya kumweleza mtu mchezo ambao hajawahi kuuona, wenye hati ya Kivai nao walieleza vizuri kuliko wasiojua kusoma. Shule hawakuikanyaga. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kuandikiana barua.

MZEE WA RELI: Barua! Sasa mmefika kwangu. Pale stesheni niliwaandikia watu barua. Mtu ananiambia: "Mwandikie mdogo wangu kwamba yule amerudi na ile kitu imefika." Nami ninamwuliza: yule nani? Ile kitu gani? Mdogo wako ataisoma akiwa Kabalo, hakuoni mkono ukionyesha. Mwezi wa kwanza nilimwuliza maswali kumi. Mwezi wa sita alikuja na barua imeshapangwa kichwani, mimi nikawa kalamu tu. Hakusoma mtu yule hata siku moja. Barua ilimfundisha.

MWANAFUNZI: Hata katika Katanga ya zamani, ambayo Kalemie ilikuwa sehemu yake hadi mkoa wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 2015, tuna mfano mkubwa. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani wa Lubumbashi, aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha mji huo. Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, alionyesha kwamba ukiifuata kwa macho utakwama. Inabidi isomwe kwa sauti, ndipo inaeleweka. Ni mtu mzima aliyeuchukua usemi wake mzima na kuupeleka kwa watu ambao hatawaona.

MAMA WA SAMAKI: Basi niwaambie la simu. Mnunuzi wangu yuko Lubumbashi. Zamani nilimtumia sauti: "Hawa wamefika, ni wazuri kuliko wale, nitakutumia kwa yule." Alinipigia kwa hasira. Hakuelewa hata neno moja. Binti yangu akaniambia: Mama, hakuoni. Sasa nabonyeza, nasema taratibu: "Leo Jumanne. Ndagala wakavu, magunia mawili. Mikebuka wa moshi, gunia moja. Yanaondoka Alhamisi." Kisha naisikiliza sauti yangu kabla ya kuituma, na nikiona "yule" nimelisahau humo, nafuta, naanza upya.

MWALIMU: Unafuta?

MAMA WA SAMAKI: Nafuta. Kama watoto wako na ufutio wao.

Hapo Mwalimu alicheka, akanyoosha mkono, wakagongana viganja. Na katika kicheko hicho Mzee akainua kichwa ghafla.

MZEE WA RELI: Mama, wewe ulipeleka samaki kwa treni. Pale kabla ya Nyunzu, walipokuwa wakinunua ndagala dirishani…

MAMA WA SAMAKI: Ni…

MZEE WA RELI: Niemba! Niemba, Niemba. Si niliwaambia litakuja?

MWANAFUNZI: Silabi moja, Mzee. Tafiti zinasema hivyo: mzungumzaji akikwama, silabi ya mwanzo humfungulia kuliko mengi mengine.

Neno la mwandishi

Kura sikuita, ila nina hukumu yangu, nami naitoa bila kificho. Hoja haikusimama. Masomo hayampi mtu mzima usemi. Yanampa mazoea ya kusema na mtu asiyekuwapo, na ya kuishika sauti ya neno mkononi kabla ya maana yake. Hilo ni jambo kubwa. Kaoze, mtoto wa Mtabwa, aliweza kuwaandikia wageni kwa Kifaransa juu ya nafsi ya Wabantu tangu mwaka 1910 kwa sababu ya mazoea hayo. Umri nao hauyachukui maneno kama mwizi. Unalegeza majina, unafupisha sentensi, unapunguza usikivu, na wakati huohuo unajaza msamiati na kumfundisha mtu kusema na aliye mbele yake. Na sehemu kubwa ya tofauti tunayoiita uzee ni tofauti ya darasa la enzi hii na darasa la enzi ile.

Kama ndivyo, nina mambo matatu ya kuomba, na nayaomba kwa moyo wangu wote kwa ajili ya mji huu ambao ziwa limeupandia miaka hii na vita vimeuletea wakimbizi wasiohesabika, mji wenye watu wazima wengi wanaolazimika kujieleza kwa wageni kila siku.

La kwanza, afisa na mganga waulize kwa Kiswahili, na wakisikia "yule" na "kule", waulize "yule nani?" kama Mzee alivyouliza pale stesheni, bila dharau. Mtu mzima akiulizwa vizuri hujifunza kujibu vizuri. Na mzee asiyejua tarehe asiandikwe mgonjwa kabla mtu wa nyumbani kwake hajaulizwa habari za siku zake.

La pili, vijana waliosoma wakae na wazee sasa hivi, na simu zao zikiwa zinarekodi. Mzee akikwama kwenye jina, kijana asiinamishe macho wala asimkatishe. Ampe silabi ya mwanzo kama anaijua, na kama haijui, angoje.

La tatu ni la watu wazima wenyewe wanaotaka kujifunza kusoma na wanaona haya kwamba wamechelewa. Hamjachelewa. Wakulima wa Ureno walianza ukubwani na masikio yao yakafunguka. Darasa lenu lisianze na Kifaransa, wala lisianze na sauti moja moja zisizo na maana. Lianze na kile mlicho nacho tayari. Mwalimu wetu ameahidi kujaribu, Jumamosi, pale pale ufukoni, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye mtumbwi. Somo la kwanza limeshapangwa, na Mama ndiye aliyelichagua: sa, ma, ki.